Mguu wa kushoto: kutumia klachi bila kuzima gari wala kuunguza pleti

Mwanafunzi wa udereva huzima gari kwa sababu mguu wake wa kushoto umetoka mapema. Dereva wa miaka mingi huunguza klachi kwa sababu mguu wake hautoki kabisa. Makosa yote mawili yamo ndani ya sentimita mbili au tatu za mwendo wa pedali, na ukishazijua sentimita hizo kwa unyayo, sehemu kubwa ya kuendesha gari la gia za mkono inakuwa imekwisha.

Kinachotokea chini ya pedali

Injini ikiwaka, flaiwili inazunguka muda wote. Hiyo ni sahani nzito ya chuma iliyofungwa kwa bolti kwenye mwisho wa krenki, shafti kuu ya injini. Kando yake ipo klachi pleti, nyembamba, yenye utando wa kukwaruza pande zote mbili, iliyovaa shafti inayoingia kwenye giaboksi. Presha pleti huibana pleti hiyo kwa nguvu ya springi mpaka iing'ang'anie flaiwili na vyote vizunguke kama kitu kimoja. Ukikanyaga pedali, rilizi beringi inasukuma vidole vya springi, mbano unalegea, na pleti inabaki huru.

Kwa hiyo kukanyaga ni kutenganisha, na kuachia ni kuunganisha. Pedali ikiwa chini kabisa pleti hailiki. Ikiwa juu kabisa hailiki pia. Inalika katikati tu, pale flaiwili inapokwenda kwa kasi moja na pleti kwa kasi nyingine huku zimegusana. Gari haliwezi kuondoka bila kupita hapo katikati, ila muda unaokaa hapo unaulipia kwa unene wa pleti.

Mwendo wa pedali nao una sehemu tatu. Kutoka sakafuni, sentimita za kwanza hazifanyi kitu. Kisha inakuja sehemu fupi ambapo klachi inashika. Baada ya hapo, mpaka juu, tayari imeshashika na hakuna kinachobadilika. Ndiyo maana kumwambia mwanafunzi "achia klachi polepole" ni nusu ya fundisho. Atachelewa pasipohitaji na kuharakisha panapohitaji. Achia haraka mpaka inapokaribia kushika, polepole sana inaposhika, kisha toa mguu wote.

Kukaa na kuvaa

Kiti kisogezwe hivi: kanyaga klachi mpaka mwisho, na goti libaki limekunjwa kidogo. Mguu ukinyooka kabisa, kiti kiko mbali. Utakuwa unakanyaga kwa ncha za vidole na pedali haitafika chini, kisha gia zitakwaruza na utalaumu giaboksi. Goti likigusa usukani, kiti kiko karibu mno. Kanyaga kwa sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, si kwa katikati ya mguu. Kwenye gari dogo kisigino kinaweza kubaki sakafuni kama egemeo. Kwenye Hiace au Canter, ambako pedali ina mwendo mrefu, inua mguu mzima wakati wa kukanyaga, kisha shusha kisigino unapokaribia sehemu ya kushika ili kifundo cha mguu ndicho kifanye kazi ya polepole, si paja. Paja halina ustadi wa kuhesabu milimita.

Ndala na yeboyebo hazifai. Zinakunja, zinateleza, na ndala ikijibana chini ya pedali ya breki hakuna ujuzi utakaokuokoa. Soli nene sana nayo inaficha hisia. Kiatu kinachobana mguu chenye soli nyembamba kinatosha, au peku ikibidi. Angalia pia kapeti. Makapeti ya ziada yanayowekwa juu ya yale ya kiwandani huteleza mbele na kuzuia pedali ya klachi kufika chini, na magari mengi yamepelekwa gereji kwa "gia ngumu" ambayo dawa yake ilikuwa kuondoa kapeti.

Kuijua klachi inaposhika

Tafuta uwanja tambarare, usio na watoto wala kuku. Washa gari, hendibreki ikiwa imeshushwa, mguu wa kulia ukiwa juu ya breki bila kukandamiza. Kanyaga klachi, ingiza gia ya kwanza. Usiguse mafuta. Achia klachi taratibu mno mpaka gari lianze kutambaa, kisha kanyaga klachi tena na usimame. Rudia mara kumi, mara ishirini. Zoezi hili la dakika kumi linazidi saa mbili za kuzunguka mtaani ukipigiwa honi.

Dalili za klachi kushika zinakuja kwa mpangilio. Sauti ya injini inashuka na kuwa nzito. Mshale wa mizunguko, uliokuwa kwenye sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, karibu na 800 kwa dakika, unadondoka kidogo. Kioo cha ndani kinatetemeka, pua ya gari inanyanyuka kidogo, halafu gari linasogea. Sikiliza sauti kuliko kutazama mshale, kwa kuwa barabarani macho yana kazi nyingine.

Gari la dizeli lenye nguvu nyingi kwenye mizunguko ya chini, kama Hilux au Land Cruiser, huondoka tambarare bila mafuta kabisa ukiachia kwa utulivu. Gari dogo la petroli, tuseme Probox ya lita 1.3 iliyobeba abiria wanne, litataka mafuta kidogo, mizunguko 1,200 hadi 1,500, la sivyo litazima. Kila gari lina mahali pake pa kushika. Moja linashika karibu na sakafu, jingine juu kabisa. Ukiazimwa gari, fanya zoezi hili mara mbili kabla ya kutoka getini. Hakuna aibu hapo, na hata dereva wa lori akihamishiwa gari jingine hulijaribu kwanza.

Kuondoka

Klachi chini, gia ya kwanza, tazama vioo. Kanyaga mafuta kidogo na uyashikilie hapohapo. Achia klachi mpaka ishike. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: gari linaposogea tu, wanadhani kazi imekwisha na wanautupa mguu. Pleti bado haijaifikia kasi ya flaiwili. Ukiitupa, tofauti ile yote ya kasi inamezwa kwa mara moja, gari linaruka mbele, injini inakabwa, linazima. Uache mguu hapohapo kwa mita moja au mbili, kama sekunde mbili hivi, mpaka gari liwe na mwendo wa mtu anayetembea. Sasa inua mguu wote na uuweke kando ya pedali.

Gari likianza kurukaruka kama chura, usiongeze mafuta. Kuruka huko ni injini inayokabwa na kuachiwa, na mwili wa dereva unaoyumba ndio unaozidi kuchochea, kwa kuwa mguu wa kulia unapiga mafuta kwa kufuata mitikisiko. Kanyaga klachi mpaka chini, mafuta yaache, anza upya. Likizima, kanyaga klachi na breki, weka fri, yaani toa gia zote, washa. Honi za nyuma zitakuwepo. Hazina pedali ndani ya gari lako.

Kubadili gia ukiwa njiani

Kupanda gia ni rahisi kuliko kuondoka, kwa sababu gari tayari lina mwendo na tofauti ya kasi ni ndogo. Toa mafuta na kanyaga klachi kwa wakati mmoja, sukuma gia kwa kiganja, achia, rudisha mafuta. Yote ni kama sekunde moja. Ukitangulia kukanyaga klachi kabla ya kutoa mafuta, injini inanguruma bila mzigo na kila anayesikia anajua. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili achia kwa upole zaidi, kwa sababu pengo kati ya gia hizo ndilo kubwa kuliko yote. Kutoka ya nne kwenda ya tano hata mguu wa haraka hausikiki.

Usiikamate gia kama mpini wa jembe. Kwenda ya kwanza na ya pili sukuma kwa kiganja kikitazama upande wa abiria. Kutoka ya pili kwenda ya tatu iache irudi katikati yenyewe, maana springi yake ndiyo inayoipeleka kwenye mstari wa tatu na nne. Wanaokosea na kuingiza ya kwanza walipotaka ya tatu mara nyingi wameikaba mno.

Kushuka gia kunataka akili zaidi. Tuseme uko ya nne, kilomita 50 kwa saa, mbele kuna kona na unataka ya tatu. Kwa mwendo uleule gia ya tatu inahitaji injini izunguke haraka kuliko ya nne. Ukiachia klachi injini ikiwa imelala kwenye sailensa, pleti ndiyo itakayoiamsha kwa kuikwaruza: gari linavuta nyuma, abiria wanainama, na kwenye barabara yenye utelezi tairi za kuendesha zinaweza kukwama kidogo. Dawa ni kugusa mafuta kidogo wakati klachi iko chini, mizunguko ipande mpaka ilipotakiwa kuwa, ndipo uachie. Ukiipatia, hutasikia chochote, na kutosikia huko ndiko alama ya kupatia. Usipoweza bado, achia klachi taratibu zaidi, na pleti italipa kiasi kidogo.

Kosa moja hapa ni la hatari kweli: kuingiza gia ya kwanza au ya pili kwa bahati mbaya ukiwa kilomita 80 kwa saa. Watu hufikiri kwamba pedali ikiwa chini hakuna kinachoharibika. Kumbuka pleti imevaa shafti ya giaboksi. Matairi yanaizungusha kupitia gia hata kama imetenganishwa na injini, na kwa gia ya kwanza kwa mwendo huo inazunguka kuliko ilivyoundwa kuvumilia. Gia ikikataa kuingia, usiilazimishe. Ina sababu.

Rivasi inaingizwa gari likiwa limesimama kabisa. Magari mengi hayana kisawazisha kasi, kile kinacholinganisha kasi kabla gia haijaingia, kwenye rivasi, hivyo kanyaga klachi, hesabu mbili tatu ili shafti itulie, ndipo uingize. Ikiendelea kukwaruza, pitia gia yoyote ya mbele kwanza, shafti isimame, kisha rudi kwenye rivasi. Unaporudi nyuma kuegesha, kuicheza klachi pale inaposhika ni sawa kabisa. Ni sekunde chache, kwa mizunguko ya chini. Usiongeze mafuta tu kwa woga.

Mlimani, na kwenye mteremko wa kivuko

Mahali ambapo klachi nyingi za Pwani hunukia ni kwenye njia za kupandia na kushukia kivuko, Likoni na Kigamboni. Maji yakiwa yamekupwa, sehemu ya kupanda inakuwa ndefu, zege limeloa, mbele kuna gari, nyuma kuna gari na watembea kwa miguu wamejaa pande zote. Hapo hakuna nafasi ya kurudi nyuma hata nusu mita.

Hendibreki ivutwe mpaka ishikilie gari yenyewe. Breki ya mguu iache. Klachi chini, gia ya kwanza. Leta mafuta mpaka mizunguko 1,500 hivi, gari likiwa na mzigo ongeza kidogo. Achia klachi mpaka sauti izame na pua inyanyuke, na nyuma ya gari ionekane kama inachuchumaa, kwa kuwa gari linataka kwenda na hendibreki inalizuia. Mguu wa kushoto ugande hapo. Sasa shusha hendibreki taratibu. Gari lisiporudi nyuma wala kusogea, umeipata. Ongeza mafuta kidogo, achia klachi kwa utulivu uleule wa tambarare, nenda. Likianza kurudi nyuma, kanyaga breki, si mafuta. Anayeongeza mafuta kwa hofu huachia na klachi kwa hofu hiyohiyo, na gari linaruka kwenye taa za aliye mbele. Zege likiwa na maji, punguza mafuta, maana tairi likianza kuzunguka bure hutapanda.

Baadhi ya madereva hawatumii hendibreki. Wanalishikilia gari mlimani kwa kubalansi klachi na mafuta, likining'inia bila kwenda mbele wala nyuma. Inapendeza kuitazama. Inachokifanya ni hiki: gari limesimama, kwa hiyo pleti imesimama, na flaiwili inaizungukia mara elfu moja na zaidi kwa dakika huku zimebanana. Nguvu yote ya injini inageuka joto mle ndani. Balansi ya sekunde mbili za kuondokea ni ya lazima. Balansi ya kusubiri taa ya kijani ni kuchoma pesa.

Ukisikia harufu kali, kama karatasi na kucha zilizoungua kwa pamoja, klachi imepata moto. Egesha pembeni, weka fri, mguu toa kwenye pedali, na ulipumzishe gari kwa nusu saa. Harufu ya mara moja haina maana pleti imekwisha. Lakini utando ulioungua sana unang'aa kama kioo na kuanza kuteleza, na uso wa flaiwili unabaki na madoa ya rangi ya samawati.

Foleni na matuta

Foleni ndiyo inayokula klachi za mjini, na nyingi huliwa bila sababu. Aliye mbele akisogea nusu mita, nawe ukasogea nusu mita, kwa saa nzima utaondoka mara mia mbili bila kuiachia klachi hata mara moja. Subiri nafasi ya gari mbili ifunguke. Ondoka na gia ya kwanza, toa mguu wote, liache gari litambae kwa sailensa. Gia ya kwanza bila mafuta inakwenda kilomita tano hadi nane kwa saa, ambao ndio mwendo wa foleni yenyewe. Ndiyo, bodaboda na daladala zitaingia mbele yako. Zitaingia hata ukibanana.

Ukisimama zaidi ya sekunde tano hivi, weka fri na mguu uondoe. Kukaa na klachi chini kwenye taa hakuili pleti, ila kunaifanyisha rilizi beringi kazi na kuisukuma krenki upande mmoja muda wote, mpaka beringi zake za pembeni zilike. Kubadilisha hizo ni kufungua injini.

Mguu kulala juu ya pedali wakati wa mwendo ni ugonjwa mwingine wa kimyakimya. Uzito wa mguu peke yake unatosha kuipeleka rilizi beringi ikagusa vidole vya springi, na kwenye pedali laini unapunguza mbano pia. Kushoto mwa klachi, magari mengi yana pa kuweka mguu. Patumie.

Kwenye tuta, breki kwanza ukiwa bado na gia. Mwendo ukishuka karibu na kilomita 15, kanyaga klachi, ingiza ya pili, achia kabla ya tairi la mbele kugusa tuta, upande na kushuka klachi ikiwa juu. Wengi hukanyaga klachi mita thelathini kabla na kuliacha gari lijiendee. Wanapoteza breki ya injini na wanafika kwenye tuta wakiwa bado hawana gia. Kama gari karibu lisimame, usiilazimishe ya pili. Chukua ya kwanza.

Kushuka mlima

Kuteremka fri ili kuokoa mafuta ni imani ya zamani isiyokufa. Kwenye injini za kisasa zenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta, ukiwa na gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa na matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka fri, injini lazima inywe mafuta ili isizime. Kwa hiyo anayeteremka fri hutumia mafuta zaidi, na breki zake zinabeba uzito wote peke yake.

Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa, chagua gia kileleni, kabla ya kuanza kushuka. Gia ambayo ungeitumia kupanda ndiyo ya kushukia. Klachi ibaki juu. Ukishuka fri na mwendo ukazidi, gia haitaingia tena kirahisi, na kwenye lori lenye mzigo haitaingia kabisa. Breki zikishapata moto hapo, zinafifia.

Katika breki ya ghafla, kanyaga breki kwanza kwa nguvu zote, na klachi ifuate mwishoni kabisa gari linapokaribia kusimama, ili injini isizime.

Dabo klachi

Malori ya zamani, na baadhi ya makubwa ya leo, yana giaboksi zisizo na visawazisha kasi. Huko klachi hukanyagwa mara mbili kwa kila gia. Kushuka: kanyaga, toa gia mpaka fri, achia klachi, piga mafuta kidogo injini ipande, kanyaga tena, ingiza gia ya chini, achia. Ile kuachia klachi ukiwa fri ndiyo siri yake. Inaunganisha injini na shafti ya giaboksi, na kipigo cha mafuta kinaizungusha shafti mpaka ilingane na gia unayoitaka. Kupanda ni vilevile, ila badala ya kupiga mafuta unasubiri mizunguko ishuke. Kwenye gari dogo huhitaji haya, isipokuwa kisawazisha cha gia fulani kimelika na gia inakwaruza. Hapo dabo klachi inakufikisha nyumbani.

Matope, mchanga na maji

Ukikwama, usizungushe tairi kwa kubalansi. Pleti itaungua kabla ya gari kutoka. Chimba mbele ya tairi, punguza upepo, weka matawi au mikeka, na uondoke kwa gia ya pili au, kama ni gari linalovuta kwa magurudumu yote manne lenye gia za chini, tumia hizo. Zinapunguza kazi ya klachi kuliko ujanja wowote wa mguu. Ukivuka maji ya kina, ingiza gia kabla ya kuingia na usikanyage klachi mpaka utoke upande wa pili. Klachi ikitengana ndani ya maji, maji na mchanga hupenya kati ya pleti na flaiwili.

Betri ikiwa imelala, gari la gia za mkono linawaka kwa kusukumwa. Swichi iwashe, klachi chini, gia ya pili, si ya kwanza, kwa kuwa ya kwanza inakaba matairi. Watu wakifika mwendo wa kukimbia, achia klachi kwa mara moja na uikanyage tena injini ikishika. Usukani na breki vitakuwa vizito mpaka iwake, basi chagua upande usio na mtaro.

Klachi inaposema inaumwa

Kuteleza ndiyo dalili ya pleti kwisha. Ijaribu barabara ikiwa wazi: kilomita 50 kwa saa, gia ya juu, kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikiruka juu na mwendo usifuate, pleti inateleza. Mara nyingi pedali nayo inakuwa imeanza kushika juu sana. Kabla ya kununua pleti, pima pedali. Inapaswa kuwa na mchezo kidogo kabla ya kuanza kukaza, na kwa Toyota nyingi vitabu hutaja milimita 5 hadi 15. Kama mchezo haupo kabisa, klachi inaweza kuwa imebanwa nusu muda wote, na marekebisho ya dakika chache yanaweza kuokoa kazi ya siku nzima.

Gia zikikwaruza ingawa pedali iko chini, tatizo ni kinyume chake: klachi haitengani. Anza na mafuta ya klachi. Kwenye mifumo ya majimaji hutumika mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, na baadhi ya magari yanachota kwenye kopo la breki. Yakiwa yamepungua, yameenda mahali. Funua mpira wa silinda ndogo iliyo kando ya giaboksi, ukikuta umeloa umempata mwizi. Usiongeze oili ya injini kwa dharura, maana inavimbisha mipira na utabadilisha silinda zote mbili.

Mtetemo wakati wa kuondoka, hasa kwa rivasi, huwa ni oili iliyovujia kwenye pleti, flaiwili isiyo sawa, au mipira ya kushikilia injini iliyochoka. Hiyo mipira ichunguzwe kwanza kwa kuwa ni rahisi kuifikia. Kelele nazo zinajieleza: ikija ukikanyaga pedali, ni rilizi beringi. Ikiwepo ukiwa fri na ikapotea ukikanyaga, ni beringi ya shafti ya giaboksi, na kubadilisha klachi hakutaiponya.

Giaboksi ikishateremshwa, badilisha pleti, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja, na beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili kama gari lako inayo. Gharama kubwa ni kazi ya kuteremsha, si beringi. Flaiwili yenye mikwaruzo au madoa ya samawati ipelekwe kuchongwa. Muulize fundi atatumia nini kuiweka pleti katikati kabla ya kukaza presha pleti. Akisema macho, kazi ya kurudisha giaboksi itakuwa ya kusukumana, na uzito wake ukining'inia kwenye shafti unaweza kupinda kitovu cha pleti mpya. Uso wa pleti usiguswe kwa mikono yenye grisi.

Hewa itolewe watu wawili, mmoja kwenye pedali, mwingine kwenye nati ya silinda ya chini akiwa na mpira wa plastiki unaoonyesha ndani. Kanyaga, fungua, mafuta yatoke, funga, ndipo pedali iachiwe. Rudia mpaka mapovu yaishe, kopo likijazwa kila baada ya mara nne tano, kwa sababu likikauka katikati unavuta hewa upya na kuanza mwanzo. Kwa kilomita 500 za kwanza endesha kwa upole, bila mizigo mizito wala kuondoka kwa kishindo, utando mpya uzoeane na chuma.